Kufuma, kroshia na kazi za mikono Uganda: maswali tunayoulizwa kila mara

Kila Jumamosi mchana nafundisha kufuma barazani kwa mama mkubwa, hapa Bombo, zaidi ya kilomita 30 kutoka Kampala kwenye barabara iendayo Gulu. Wanaokuja ni mchanganyiko: wake za askari waliokizoea Kiswahili cha kambini, wasichana wa Kinubi, wanafunzi wakati wa likizo, na siku hizi vijana wawili wa bodaboda. Maswali yao ndiyo yale yale ninayotumiwa kwenye simu na watu wa Jinja, Arua na Kasese. Nimeyakusanya hapa. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yananigusa sana. Mengine hayahitaji maneno mengi.

Kufuma, kroshia, kusuka, kutarizi: si kitu kimoja tu?

Hapana. Kufuma kwa sindano mbili ni kupitisha kitanzi cha uzi ndani ya kitanzi kingine, na vitanzi vyote vya mstari mzima vinabaki hai juu ya sindano mpaka uvifunge. Kroshia hutumia sindano moja yenye ndoano, na kwa kawaida ni kitanzi kimoja tu kilicho hai, kwa hiyo ukiangusha kazi huna hofu kubwa. Kusuka ni kupishanisha nyuzi au ukindu, kama mkeka au nywele. Kutarizi ni kupamba kitambaa ambacho tayari kipo.

Waganda husema *okuluka* kwa mkeka, kwa kikapu, kwa nywele na kwa sweta pia. Mimi napenda neno hilo kwa sababu linatukumbusha kwamba mkono unaojua kusuka nywele tayari unajua nusu ya kazi. Ila uangalie *okutunga*: kwa Kiganda ni kushona nguo, kwetu tunatunga shanga. Wanafunzi wangu wamewahi kuelekezana kwa neno hilo nusu saa nzima, kila mmoja akifikiria kitu chake.

Mwalimu, sijawahi kushika sindano na sina pesa za vifaa. Nianzie wapi?

Anza na spoki mbili za baiskeli. Wengi wetu tulijifunzia hapo tukiwa shule ya msingi: unazinyoosha, unasugua ncha kwenye jiwe mpaka ziwe butu kidogo zisikuchome, unafunga kizibo au kipande cha mpira upande wa pili vitanzi visiteleze. Ubaya wake ni kwamba spoki ina unene wa milimita 2 hivi, kwa hiyo nguo inatoka nzito na mkono unachoka. Ukishapata pesa kidogo, nunua sindano za milimita 4 na uzi wa unene wa kati, rangi nyepesi. Usianze na uzi mweusi. Huoni vitanzi, na taa ikizimika jioni ndiyo basi.

Panda vitanzi 20, ufume mistari 40 bila kutafuta urembo wowote. Mishono ya msingi ni miwili tu: ule ambao uzi unakaa nyuma ya kazi na sindano inaingia kutoka mbele, na ule ambao uzi unakaa mbele na sindano inaingia kutoka nyuma. Huo wa pili si kitu kigeni, ni mshono wa kwanza ukitazamwa kwa mgongo. Mistari ya mkanda wa sweta, misuko inayopandana kama kamba, miraba, mawimbi: vyote vinatokana na hiyo miwili. Mwanafunzi akilielewa hilo nafurahi kuliko akimaliza skafu nzima.

Nimefuata maelezo neno kwa neno, mbona sweta limekataa kuingia?

Kwa sababu mkono wako si mkono wa aliyeandika maelezo. Kuna wanaovuta uzi kwa nguvu na kuna wanaouachia. Mwandishi akisema vitanzi 20 kwa kila sentimita 10, basi sweta la mzunguko wa sentimita 90 linahitaji vitanzi 180. Wewe unayevuta uzi kwa nguvu unapata vitanzi 22 kwenye sentimita 10 hizo hizo. Vitanzi vyako 180 vitakupa sentimita 82 tu, nane zimepotea, na sweta limekuwa la mdogo wako.

Dawa yake ni kipande cha majaribio. Fuma mraba wa sentimita 15, uoshe, uukaushe, ndipo upime sentimita 10 za katikati kwa futi ya fundi cherehani, kwa sababu kingo hudanganya. Vitanzi vikizidi, panda sindano nene zaidi. Vikipungua, shuka. Najua inauma kutumia uzi kwa kitu kisichovaliwa, lakini vipande hivyo hata mimi nimevitunza, na siku moja vitakuwa blanketi.

Uzi mzuri ni ghali. Kuna njia nyingine?

Ipo, nayo ni Owino, soko ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe. Katikati ya mivumba, yaani mitumba kwa Kiswahili cha majirani zetu, kuna masweta ya uzi mzuri sana ambayo hakuna anayeyataka kwa sababu ni makubwa mno au yana tundu kwenye kiwiko. Hayo ndiyo duka langu la uzi.

Lakini usinunue kabla ya kuligeuza ndani nje. Tazama maungio ya ubavuni. Ukiona kitambaa kimekatwa kwa mkasi kisha kikazungushiwa uzi wa mashine ili kisichanike, liache. Kila mstari umekatwa, na utapata vipande vya uzi vya urefu wa mkono mmoja, havifai kitu. Unachotaka ni sweta ambalo vipande vyake vilifumwa kwa umbo lake, kingo zake ni nzima, na vimeunganishwa kwa mshono unaofunguka kama mnyororo. Tazama pia kama uso umeganda kama blanketi la zamani. Sufu iliyooshwa kwa maji ya moto na kusuguliwa hushikana, nayo haifumuki tena.

Nyumbani, tenganisha vipande kwa subira, kisha anza kufumua kutoka juu, pale ambapo mfumaji alimalizia. Zungusha uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne kwa vipande vya uzi mwingine ili usijisokote, uloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, kisha uutundike kivulini ukiwa na kitu kizito chini. Mawimbi yote yatanyooka. Sweta moja la mwanamume mnene linatoa masweta mawili ya mtoto na kofia.

Nitajuaje kama ni sufu, pamba au uzi wa kiwandani?

Choma kipande cha urefu wa kidole juu ya sahani, karibu na maji. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na majivu yake husagika. Pamba hunuka kama karatasi na kuacha jivu laini. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Hili lina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Akriliki hutoka kwenye mafuta ya petroli; ni nafuu, inaoshwa vyovyote, lakini pasi ya moto huiua, inalegea na hairudi. Kwa joto la Kampala mimi hushauri pamba, ingawa ni nzito na haivutiki. Kabale, mji ulio kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, ni habari nyingine. Usiku wa kule unadai sufu. Na inanisikitisha kwamba nchi inayolima pamba ya biashara tangu mwaka 1903 bado inatuuzia uzi wa kufumia ulioletwa kutoka ng'ambo.

Ubunifu unatoka wapi? Mimi najua kuiga tu.

Hili ndilo swali ninalolisubiri kila wiki.

Wengi hunijia na picha kwenye simu: sweta lenye vipande vya theluji na kulungu. Ni zuri. Mtu wa Norwei alilifuma kwa sababu theluji na kulungu ndivyo vilivyo nje ya mlango wake. Sasa na wewe tazama nje ya mlango wako.

Angalia tabaga, lile sinia la kusukwa ambalo bibi zetu wa Kinubi hufunikia chakula. Linaanzia katikati, linakua kwa mizunguko, na rangi zinatoka kitovuni kama miale ya jua. Kroshia ya duara inakwenda hivyo hivyo. Ukitumia mshono mfupi, mzunguko wa kwanza una mishono 6, wa pili 12, wa tatu 18, wa nne 24. Ongeza 6 kila mzunguko na duara litalala tambarare. Ongeza pungufu na kingo zitainuka ziwe bakuli. Zidisha na kingo zitacheza mawimbi kama gauni. Bibi aliyesuka tabaga hakuwahi kuandika namba hizi popote, lakini alizijua kwa vidole. Mwaka juzi nilimweka mama mmoja msusi wa tabaga kando ya binti anayejua kroshia tu. Hawakuzungumza sana. Saa mbili baadaye binti alikuwa na kitambaa cha mezani chenye miale ya nyekundu, kijani na zambarau, na yule mama alikuwa ameishika sindano ya ndoano kwa mara ya kwanza.

Kutoka hapo kofia ni hatua moja tu. Kichwa cha sentimita 54, gawanya kwa 3.14, unapata duara la sentimita 17 hivi. Duara likifika hapo acha kuongeza mishono, endelea kuzunguka tu, na kuta zitashuka zenyewe.

Tazama pia mikeka ya ukindu, ile ambayo Waganda huiita *emikeka*, neno moja na letu. Vipande virefu vyembamba husukwa kwanza, kisha vikaunganishwa ubavu kwa ubavu. Fuma vivyo hivyo: mikanda ya upana wa sentimita 8, kila mmoja na rangi zake, kisha uiunganishe iwe shali. Kazi inabebeka kwenye mkoba, unaifanya hata ndani ya teksi. Tazama misuko ya nywele, ile mistari inayopanda kutoka kwenye paji na kukutana utosini. Hiyo ni michoro ya mgongo wa sweta, inangoja mtu wa kuihesabu.

Nimechora picha kwenye daftari la hesabu, lakini kwenye sweta imetoka fupi. Kwa nini?

Kijana wangu mmoja wa bodaboda alichora korongo wa bendera, yule mwenye taji, mguu mmoja juu, kwa uangalifu wa ajabu. Kwenye sweta akatoka ndege wa miguu mifupi, amejibana kama bata. Karibu aache kabisa.

Kosa halikuwa lake. Mraba wa daftari una pande sawa, lakini kitanzi kilichofumwa ni kipana kuliko kimo chake. Kwenye kazi ya kawaida, sentimita 10 zina vitanzi kama 20 kwa upana na mistari kama 28 kwa kimo. Picha ya miraba 28 kwa 28 itakupa sentimita 14 kwa upana na 10 kwa kimo tu. Kwa hiyo zidisha kimo: kila miraba 10 uliyotaka, fuma mistari 14. Au chora upya karatasi yako yenye vyumba vipana vifupi. Korongo wa pili alisimama wima, na kijana yule hulivaa sweta hilo asubuhi za baridi akiwa kazini. Abiria humuuliza alilinunua wapi.

Ukibadilisha rangi katikati ya mstari, uzi unaopumzika unapita nyuma. Usiuvute. Ukiukaza, picha yote itakunjamana na hakuna pasi itakayoinyoosha.

Je, naweza kuchanganya kufuma na lubugo?

Ndiyo, na ningependa wengi zaidi wajaribu. Lubugo ni kitambaa kinachotengenezwa kwa gome la ndani la mti wa mutuba. Gome huvuliwa wakati wa mvua, kisha hupondwa kwa nyundo za mbao za aina mbalimbali, ndani ya banda lililo wazi ili lisikauke upesi, mpaka liwe laini lenye rangi ya udongo wa kufinyangia. Mafundi wa ukoo wa Ngonge ndio waliolitengenezea Kabaka, mfalme wa Buganda, tangu zamani. UNESCO iliutangaza ufundi huo mwaka 2005, na mwaka 2008 ukaingizwa kwenye orodha ya urithi wa binadamu.

Kwa mfumaji, uzuri wa lubugo ni kwamba halina nyuzi za kuchomoka. Ukilikata halifumuki pembeni kama kitambaa cha nyuzi. Toboa matundu madogo kwa msumari mwembamba kila baada ya nusu sentimita, sentimita moja kutoka ukingoni, kisha pitisha mshono wa kroshia kwa uzi wa pamba kuzunguka pande zote. Hapo una ukingo imara, na juu ya ukingo huo unaweza kuendeleza chochote: kamba ya mkoba, ukuta wa kikapu, ua. Nyekundu ya ardhi ya lubugo na pamba nyeupe isiyotiwa rangi vikikaa pamoja, sihitaji urembo mwingine. Ila uliheshimu. Ni nguo ya mazishi na ya sherehe za kifalme, kwa hiyo uliza wazee wa mahali ulipo kabla ya kuligeuza kapeti la mlangoni.

Na vitu vya kutupwa?

Mafundi cherehani wa Kiyembe, Kampala, hubaki na vipande vya kitenge kila jioni. Omba kwa adabu, mara nyingi utapewa. Kata utepe wa sentimita 2, uunge, utumie ndoano nene, upate zulia.

Kaveera, yaani mifuko ya plastiki, nazo hufaa. Osha mfuko, ukunje, ukate pete za sentimita 3, uzifunganishe moja kwa nyingine kama mnyororo. Sindano ya milimita 8 au zaidi. Mkoba wa sokoni wa aina hiyo hula mifuko mingi sana, na vidole vitalalamika siku ya kwanza.

Rangi za asili zinashika kweli?

Kwenye sufu, zinashika vizuri. Kwenye pamba, kwa tabu. Kwenye akriliki hazishiki, usipoteze kuni. Chemsha kwanza uzi wa sufu taratibu na shabu, ndipo uingie kwenye rangi. Maganda ya vitunguu hutoa rangi ya machungwa hadi kahawia. Kokwa za ovakado, ambazo Uganda hatuna uhaba nazo, hutoa waridi iliyotulia. Manjano, yale ya jikoni, hung'aa mno siku ya kwanza lakini jua huyala. Na uipoze sufu polepole ndani ya maji yake. Ukiitoa motoni na kuitumbukiza kwenye maji baridi itaganda.

Mume wangu anasema hii ni kazi ya wanawake tu.

Mwambie lubugo hupondwa na wanaume. Mwambie pia kwamba mwaka ule ule wa 2005, UNESCO ilitangaza ufundi wa nguo wa kisiwa cha Taquile, ziwa Titicaca, nchini Peru, na kule wanaume ndio wanaofuma kofia kwa sindano. Kisha mpe sindano. Vijana wangu wawili wa bodaboda wana mikono sawasawa kuliko yangu, nadhani kwa sababu wamezoea kushika usukani bila kukakamaa.

Niuze kwa bei gani, na wapi?

Hapa ndipo tunapojidhulumu. Mtu anahesabu bei ya uzi, anaongeza elfu mbili, anaita faida. Saa zake amezitoa bure.

Andika saa zako. Tuseme seti ya mtoto mchanga, kofia, soksi na sweta, imekula uzi wa shilingi 18,000, vifungo na nauli 4,000, na saa 12 za mikono yako. Ukijilipa shilingi 2,500 kwa saa, hizo ni 30,000. Bei yako ni 52,000, na bado hujaweka faida. Mteja akisema Owino kuna ya elfu kumi, mwambie ukweli: ile imefumwa kwa mashine au imevaliwa tayari. Usigombane naye, na usishuke mpaka chini ya uzi wako.

Masweta ya shule usishindane nayo. Mashine zimeyachukua, na mashine za kufuma zina umri mrefu: Mwingereza William Lee alibuni ya kwanza mwaka 1589. Lakini kroshia ya kweli hakuna mashine inayoifuma. Kila kitambaa cha kroshia unachokiona duniani kimepita kwenye mkono wa mtu, na hilo mwambie mteja wako anayeguna bei. Watalii wanapatikana kwenye masoko ya sanaa ya Buganda Road na nyuma ya jumba la National Theatre, Kampala, ila kule wanataka kitu ambacho hawakukiona kwao. Rudi kwenye swali la ubunifu.

Watoto wanaweza kuanza umri gani?

Miaka sita au saba, kwa vidole vyao bila sindano. Mtoto aliyewahi kutengeneza mpira wa *ebyayi*, yaani maganda makavu ya shina la mgomba, ana mikono tayari. Na ukimfumia mtoto mchanga, hasa aliyezaliwa kabla ya wakati, kofia iwe ya uzi laini, isiyo na kamba wala kifungo cha kumezwa. Mtoto mchanga hupoteza joto jingi kupitia kichwani.

Nimegundua kosa mistari kumi nyuma. Nifumue yote?

Si lazima. Kama ni kitanzi kimoja kilichochomoka, fuata mstari wake wima mpaka ukifikie, kisha kipandishe kwa ndoano ya kroshia ngazi kwa ngazi, kila uzi wa mlalo uupitishe ndani ya kitanzi. Kama ni mshono uliogeuka, angusha kitanzi hicho kimoja kwa makusudi mpaka kwenye kosa, halafu kipandishe tena vizuri. Moyo utadunda mara ya kwanza. Vingine vyote vitabaki palepale.

Kama umekosea hesabu ya mstari mzima, basi fumua. Pitisha kwanza sindano nyembamba kwenye mstari ulio salama chini ya kosa, kitanzi kwa kitanzi, ndipo uvute uzi bila hofu. Utasimama penyewe ukifika kwenye sindano.